Firigisi za Wakwe

Vijana wangu, nawaona pale stendi mkipakia vyakula kwenye mabasi. Maboksi meupe, barafu, selotepu, na simu sikioni: "Dada, mzigo wako umeshatoka, kaa mkao wa kula." Nafurahi kuwaona. Halafu namwona mmoja wenu anafunika pilau ambalo bado linafuka moshi, na namhurumia mteja wa Mwanza ambaye hata simjui. Mimi nimestaafu, lakini pua yangu haijastaafu. Ndiyo maana nimekubali kuwaandikia haya. Mkitaka msome. Msipotaka, mtafundishwa na wateja, na wateja hawana upole wa mwalimu.

Mimi ndiye Mama Zena wa Itigi. Kazi yangu ilikuwa kupika kuku na kuwasafirisha wakiwa wameshaiva, kwa treni, hadi Tabora, Morogoro, Dar es Salaam, kokote reli ilikofika. Barafu hatukuwa nayo. Friji tulizisikia kwa wakubwa wa reli, na hata huko nasikia zilitumika zaidi kutunzia chupa za maji. Na bado kuku wangu walifika wakaliwa na watu wazima wenye heshima zao, wakaagiza tena.

Aliyenifundisha ni Bi. Rehema, mwenye hoteli jirani na stesheni. Alizaliwa Singida mjini, baba yake mfanyabiashara mwenye asili ya pwani, mama yake Mnyiramba. Kwa baba alirithi mdomo wa biashara, kwa mama alirithi kutokubali kuonewa, na mtu mwenye vyote viwili ni hatari. Nilifika kwake nikitokea Mitundu, Zena akiwa mgongoni, mume wangu amefariki. Nilikuwa nimekaa kwa kaka yangu muda wa kutosha kujua kwamba chakula cha kaka ni kitamu mpaka wifi aanze kuchungulia sahani yako. Bi. Rehema aliniangalia mikono, siyo uso. Akasema, "Hii mikono imeshawahi kushika moto. Ingia jikoni."

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Ninyi hamkuiona miaka iliyotangulia, ambapo kusafirisha hata gunia la mahindi kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine kulitaka kibali, na mtu akiwa na sabuni mbili anaficha moja. Ghafla tukaambiwa fanyeni biashara. Itigi nzima ikageuka soko. Treni ikisimama, madirisha yote yana mikono: asali, mayai, karanga, kuku. Wasafiri walikula kuku wetu njiani, wengine wakabakisha wakafika naye nyumbani, na familia zikashangaa kwamba kesho yake bado ni mzuri. Maagizo yakaanza kurudi kwa mdomo wa Athumani, mhudumu wa behewa, ambaye alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Alikuwa akishuka anapaza sauti, "Bi. Rehema! Mama Fulani wa Morogoro anataka wanne, na usiweke pilipili, mume wake ana vidonda vya tumbo!" Stesheni nzima ikajua tumbo la mtu wa Morogoro.

Sasa sikilizeni siri ya kazi, maana nasikia siku hizi mnauziana maarifa.

Kuku akitoka Mitundu kwa baiskeli, miguu imefungwa, kichwa kinaning'inia, usimchinje siku hiyo. Kuku aliyechoka, nyama yake inaharibika upesi. Mfungue, mpe kivuli na maji, alale. Chakula usimpe, ili kifuko chake kiwe kitupu. Kulikuwa na mchuuzi mmoja akiwaleta kutoka Misigiri, anawashindilia pumba mpaka vifua vinatuna kama vya askari wa gwaride. Bi. Rehema alimbonyeza kuku mmoja kifuani akamwambia, "Kaka yangu, mimi nimeagiza kuku, wewe umeniletea gunia la pumba lenye manyoya." Yule bwana hakurudia tena, au aliwapelekea wengine.

Ukishachinja na kusafisha, chemsha na chumvi, tangawizi na ukwaju. Nyanya weka kando. Kitunguu weka kando. Hivyo ni vya chakula cha kuliwa mezani, havijui kusafiri. Maji yakauke yote. Kisha mpandishe kuku kwenye chanja, juu ya makaa ya taratibu, mpaka ngozi ikaze. Mwisho mpitishe kwenye mafuta ya alizeti yaliyopata moto kweli. Halafu ndiyo inakuja kazi ngumu kuliko zote, ambayo ni kukaa bila kufanya kitu. Mwache apoe. Apoe nje, apoe na mifupa. Mimi nilikuwa nachomeka kidole mpaka chini ya paja. Pakiwa na uvuguvugu, nasubiri. Ndipo unamfunga kwenye karatasi ya kaki na kumlaza ndani ya tenga la fito linalopitisha hewa.

Na firigisi? Hapo Bi. Rehema alikuwa na sheria yake: kilicho cha ndani kisisafiri ndani. Vitu vya tumboni vinashika unyevu, ukivirudisha mle vinamharibu kuku mzima. Kwa hiyo firigisi na maini tulivikausha peke yake, tukavifunga kimoja kimoja kwenye maganda ya mahindi kwa uzi, vikakaa kwenye kikapu kidogo juu ya tenga. Huwezi kuzitupa. Ninyi wa mjini mnaweza kula kuku mzima msijue firigisi ilikwenda wapi, lakini kwetu firigisi ni ya mkubwa. Mgeni wa heshima akila kuku asiione kwenye sahani yake, anajua amedharauliwa. Mwanamke anaipika, anaiweka mbele ya mwanamume, anageuka. Mimi nimepika firigisi nyingi kuliko mwanamke yeyote wa Itigi, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuionja hata kwa ncha ya ulimi.

Tulikuwa tunakwenda vizuri mpaka ikaja nailoni.

Mifuko ya nailoni iliingia na ruksa. Mizuri, inang'aa, unaona kilichomo. Bi. Rehema alikwenda Singida akarudi nayo kifurushi kizima, anaipeperusha kama bendera. "Zena, ona mama yako atakavyopendeza kazini! Kaki ni ya kufungia misumari." Nilimwambia kuku hatapumua. Akanijibu kwamba kuku aliyekufa hana haja ya kupumua. Tukawafunga matenga mawili ya Dar es Salaam kwa nailoni. Athumani aliporudi, alishuka kimya. Hapo tu nikajua, maana Athumani hakuwa mtu wa kushuka kimya. Kuku walitoka jasho njiani, wakateleza, wakanuka, na wateja wakawatupa jalalani mbele ya majirani. Bi. Rehema alikaa kwenye benchi akaiangalia ile mifuko iliyobaki. Akasema, "Nailoni imetuvua nguo."

Wateja wa mbali wakakatika kama uzi. Madirisha ya treni peke yake hayakutosha kulisha watu wote wa jikoni ile. Bi. Rehema aliniambia wazi, bila kunizungusha, kwamba mambo yasipotengemaa itabidi nirudi Mitundu. Nililia, siwafichi. Sikulia kwa sababu ya njaa. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kuwa mtu mwenye jiko lake, na sasa nirudi kwenye macho ya wifi.

Basi katika hali hiyo likaja agizo la Mzee Ntandu. Huyu alikuwa Mnyaturu wa Ikungi aliyefanya kazi Dar es Salaam miaka mingi, na binti yake Esta alikuwa ameposwa na kijana wa Kinyiramba. Jumamosi wakwe wanakuja nyumbani na mahari, na msafara unaongozwa na babu wa kijana mwenyewe. Mzee Ntandu hakutaka kuwakaribisha wazee wa kwao kwa kuku wa kizungu. Alimwagiza Athumani hivi: "Mwambie Bi. Rehema yaliyopita yamepita. Nataka tenga moja la kuku wa nyumbani. Lakini wakiharibika hawa, umeniharibia binti, na Dar es Salaam nzima nitaitangazia."

Bi. Rehema akatoa karatasi za kaki. Akanitazama. "Safari hii kuku wanasindikizwa, kama bibi harusi. Wewe ndiye somo yao. Zena utaniachia mimi."

Nikapanda treni na tenga langu, kikapu changu cha firigisi, na chumvi fundo moja kwenye pindo la khanga. Athumani alinitafutia nafasi kwenye behewa la mizigo, karibu na mlango, penye upepo. Tuliondoka Itigi kwa shangwe. Tulipopita Saranda kidogo, treni ikaanza kukohoa, ikapunguza mwendo, ikasimama katikati ya vichaka. Kichwa cha treni kimekufa, wakasema. Kingine kitatoka Dodoma. Lini? Wakatazama juu, kana kwamba jibu liko mbinguni.

Jua la kule mnalijua. Behewa la bati lililosimama ni tanuri. Nilikaa kidogo, nikakaa tena, kisha nikachomeka kidole kwenye karatasi ya kuku wa juu. Uvuguvugu. Nikamwambia Athumani anisaidie kushusha tenga. "Unakwenda nalo wapi?" "Chini. Kuku wangu hawasubiri kichwa cha Dodoma."

Vichaka vile vina kuni kavu, hata mvivu hakosi. Nikawasha moto pembeni ya reli, nikaacha uwe makaa, nikafunga chanja ya fito mbichi, nikawarudisha kuku motoni mmoja baada ya mwingine. Taratibu, unyevu utoke, chumvi kidogo. Aliyetoka motoni namwanika kivulini kwenye khanga yangu ya pili, mbali na mwenzake. Nilifanya kazi ile nikiwa na amani ya ajabu. Watu wote wa treni walikuwa wamekwama, mimi peke yangu nilikuwa na la kufanya.

Shida ni kwamba harufu haina mlango. Treni nzima ilikuwa na njaa, na upepo ukawapelekea taarifa. Wakaanza kushuka. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja mwenye suti, akauliza bei kwa adabu. Nikamjibu kwa adabu kwamba hawauzwi. Wa pili akataja bei mwenyewe. Wa tatu akaniambia mimi mchoyo. Nikamwambia, "Baba, hawa ni wa wakwe wa mtu. Ukimla mmoja, umekula ndoa." Wengine wakacheka, wengine hawakucheka, na duara likazidi kusogea. Athumani akasimama karibu nami akiwa ameshika fito, japo naamini angekimbia kabla yangu.

Kisha wakaja watoto. Walisimama nyuma ya miguu ya watu wazima, wakatazama. Hawakuomba. Mama mmoja alikuwa amembeba wake anayelia kwa sauti ile ya kuchoka, isiyo na nguvu tena, na akawa anageuka geuka kumzuia asione chanja. Nilimkumbuka Zena. Nikanyoosha mkono nikakivuta kile kikapu kidogo.

Athumani akanishika bega. "Mama Zena, hizo ni firigisi za wakwe."

"Wakwe wako Dar es Salaam, wameshiba. Hawa wako hapa."

Nikazigawa zote, na maini yote. Walifungua yale maganda ya mahindi kama pipi. Yule bwana aliyeniita mchoyo akauliza, "Na sisi je?" Nikamwambia, "Wewe na njaa mnafahamiana siku nyingi. Hawa ndiyo kwanza wanatambulishwa." Hapo hata yeye alicheka. Hakuna aliyegusa kuku. Tena wanaume wawili watatu walinikusanyia kuni mpaka kichwa cha Dodoma kilipofika.

Mnaweza kuniuliza kama najuta. Ningerudi leo pale pale, ningezigawa vilevile.

Tulifika Dar es Salaam asubuhi ya Jumamosi yenyewe. Mzee Ntandu alikuwa anatusubiri stesheni, macho mekundu. Hata salamu yangu, "Shikamoo, mzee," aliiitikia akiwa tayari ameinama kwenye tenga, pua mbele. Akafungua karatasi moja, akanusa, akabonyeza. Mabega yake yakashuka. "Marahaba, mwanangu. Marahaba." Akafungua ya pili kwa raha tu. Halafu akasimama wima. "Firigisi ziko wapi?"

Nikamweleza. Alinitazama kama mtu aliyeletewa nyumba nzuri isiyo na mlango.

Nyumbani kwake kukawa na kikao jikoni. Mke wake, mama mwerevu sana, akapata dawa hapohapo: watu waende sokoni wanunue firigisi za kuku wa kizungu, zikaangwe, ziwekwe kwenye sahani. Nani atajua? Nilimwambia, "Mama, nisamehe. Firigisi ya kuku wa kizungu ni laini kama mkate. Mzee wa Kinyiramba huwezi kumdanganya kwa kitu hicho. Atajua kwa jino la kwanza." Esta, bibi harusi mwenyewe, alikuwa amesimama mlangoni na nywele nusu zimesukwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba, akijua, ndiyo basi." Mzee Ntandu akatembea mpaka uani akarudi. Akaniambia, "Wewe ulizigawa. Wewe utasema."

Chakula kikaenda mezani. Yule babu alikuwa mwembamba, fimbo kati ya magoti. Sahani ikawekwa mbele yake. Akaitazama. Akasogeza paja kwa kidole, akatazama chini yake. Akasogeza kipapatio. Wenzake wakaacha kutafuna. Mimi nikaingia, nikapiga magoti, nikasema, "Shikamoo, babu. Mimi ndiye mpishi. Firigisi zako zilitoka Itigi. Treni ilikufa njiani, nikawarudisha kuku motoni, watoto wa watu walikuwa na njaa, nikawapa. Mwenye nyumba hakujua."

Akaniuliza, "Watoto wa nani?"

"Sikuwauliza, babu."

Akachukua lile paja akang'ata, akatafuna polepole mno, nikawa nahesabu dhambi zangu. Kisha akawageukia wenzake akasema Kinyiramba, maneno mengi, na mmoja akacheka. Mimi ni Mnyaturu, nilishika nusu. Mwisho akasema kwa Kiswahili ili wote wasikie: "Kuku amepikwa mara mbili, hajachacha. Na nyumba isiyotuficha firigisi haitatuficha mambo ya binti. Tuendelee." Tukaanza kupumua. Akanyoosha fimbo. "Lakini faini iko palepale. Firigisi zangu nitaletewa!"

Nyumba ililipuka kwa vicheko na vigelegele. Nilikwenda jikoni nikakaa chini sakafuni. Esta akaniletea maji, akanishika mkono.

Faini tuliilipa. Bi. Rehema alipika firigisi kwa wiki nzima, Itigi yote ikala kuku wasio na kitu tumboni, na kikapu kilichojaa maganda ya mahindi kikasafiri na Athumani. Habari yake ilitangulia mbele ya treni. Watu wa Singida walioko Dar es Salaam walianza kuagiza ili tu wapate kusema wamekula kwa yule mama aliyewalisha watoto firigisi za wakwe. Mitundu sikurudi, isipokuwa kwa kutembea, na wifi akawa ananichinjia kuku yeye mwenyewe. Bi. Rehema alipozeeka aliniachia jiko, nami nikalishika mpaka magoti yalipokataa.

Mwaka jana nilipigiwa simu nikapokee mzigo kwenye basi. Nikajua ni makosa. Mimi ni wa kutuma, siyo wa kutumiwa. Nikafika, nikakabidhiwa kijitenga cha fito. Fito, Dar es Salaam, siku hizi! Ndani kulikuwa na kuku kwenye karatasi ya kaki, amekauka vizuri, nikachomeka kidole chini ya paja, baridi. Aliyenitumia ni Esta, ambaye sasa ana wajukuu, na kumbe siku ile alikuwa akitazama kila kitu kutoka pale mlangoni.

Juu ya kuku palikuwa na kifundo kidogo cha ganda la hindi, kimefungwa kwa uzi. Zena alikuwa pamoja nami, na mume wake, na binti zao wa mjini. Mkwe wangu akanyoosha mkono, maana ndiye mwanamume pekee aliyekuwepo, na desturi anaijua.

Nikampiga kofi mkononi. Nikafungua uzi mwenyewe, nikaila firigisi yangu yote, taratibu.